Bingwa humjui kwa nokauti

Jana kwenye kibanda cha chai hapa Kariobangi tumebishana nani atakuwa bingwa ajaye wa ndondi uzani wa juu, hadi mwenye kibanda akaanza kuzima jiko. Vijana wote wako na Moses Itauma, bondia chipukizi wa Uingereza. Nawaelewa: Agosti 2025, akiwa na miaka 20, alimlaza mkongwe Dillian Whyte kule Riyadh raundi ya kwanza tu. Mkono wa kushoto una kasi ambayo huioni kwa watu wa uzani wa juu.

Lakini mimi huwa siangalii anavyopiga, naangalia anavyopigwa. Wengi wa wapinzani wa Itauma hawakufika hata raundi ya tatu, sasa pumzi yake utaipimia wapi? Linganisha na Fabio Wardley, Mwingereza mwenzake. Juni 2025 pale Ipswich, Uingereza, Justis Huni wa Australia alimfundisha ndondi raundi tisa nzima. Miguu ya Wardley mizito, ulinzi wazi, majaji wote washampa Huni pointi. Raundi ya kumi, ngumi moja ya kulia ya Wardley, Huni kwisha. Oktoba akamsimamisha Joseph Parker raundi ya 11, na baadaye mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBO (moja ya mashirika ya ndondi) ukamfikia.

Mzee mmoja aliyewahi kufundisha ndondi Pumwani (anakunywa chai bila sukari na kutukosoa sote) akasema tutazame miguu raundi ya nane. Kisigino kikishaanza kulala chini, ngumi zimekuwa za mkono tu, hazina nguvu ya mwili.

Bado nampa Itauma nafasi kuliko wote wa rika lake. Ila nataka kwanza nione ameumizwa, akamkumbatia mtu, akapumua, akarudi kazini. Nyinyi mnampa nani?