Ni sharti au ni ombi?

Nilipoitoa maktaba yangu ndogo ya kupanga tarehe (msimbo ambao watengenezaji wengine huutumia ndani ya programu zao) kwa leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, niliongeza sentensi mwishoni mwa faili la maelezo: "Ukiitumia, lazima unitaje kwenye tovuti yako." Nilitaka tu kazi yangu ijulikane.

Miezi kadhaa baadaye mtengenezaji programu mmoja akaniandikia: "Samahani ndugu, hili ni sharti la leseni au ni ombi lako? Mwanasheria wetu ametuzuia kuitumia mpaka tujue."

Nikaisoma upya leseni niliyoichagua mwenyewe. Ni fupi mno, na sharti lake ni moja: notisi ya hakimiliki na ya ruhusa ziende pamoja na kila nakala, au sehemu kubwa ya programu. Tovuti haitajwi kabisa. Kwa hiyo leseni ilisema hivi, mimi nikasema vile, na msomaji akaachwa njia panda.

Nilifikiria kuligeuza ombi kuwa sharti kamili. Kilichonizuia ni historia ya leseni ya BSD, nayo ni ya programu huria. Ya awali ilidai matangazo yakitaje Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wengine wakaiga, kila mmoja akaweka jina lake, hata toleo moja la mwaka 1997 la NetBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, likakutwa na sentensi 75 za namna hiyo. Chuo kikafuta kifungu chake mwaka 1999. Zaidi ya hapo, sharti la aina hiyo haliendani na GPL, leseni nyingine ya programu huria inayokataza kuongeza vizuizi vingine. Ningewafungia mlango watu wengi kwa ajili ya jina langu.

Basi nikaandika upya: "Leseni ni MIT, na masharti yote yamo kwenye faili la LICENSE. Ukipenda kunitaja kwingine nitafurahi, lakini hulazimiki." Nikaeleza pia kwamba sentensi ya zamani ichukuliwe kuwa ombi katika matoleo yote yaliyotangulia, bila hivyo, wenye nakala za zamani wangebaki na shaka ileile. Wachangiaji wawili ambao msimbo wao umo humo niliwauliza kwanza, maana hakimiliki ni yao pia. Wote wakakubali.

Yule ndugu alishukuru, wakaanza kuitumia. Nilipofungua kifurushi chao, faili la leseni halikuwemo, nalo ndilo sharti lenyewe. Nikamwandikia. Katika toleo lililofuata lilikuwemo, na majina yetu watatu ndani yake.