Utupe Leo: Miezi Mitatu Ziwa Lilipofungwa

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024, na mama yangu alikuwa amepatwa na kiharusi siku kumi na moja kabla ya hapo. Ninapoikumbuka miezi ile mitatu siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu ugonjwa ulitaka fedha kila siku, na kufungwa kwa ziwa kulikata njia pekee niliyokuwa nayo ya kuzipata. Mimi huanika na kuuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, ufukwe ambapo wavuvi hushusha samaki, hapa Kigoma, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha, inayosomesha watoto na inayolipa kodi ya nyumba.

Kwa wasioishi kando ya ziwa hili, nieleze kwamba dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga huwavuta samaki juu, nao wavu huwakusanya. Ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa mwezi ukiangaza maji yote, taa hukosa nguvu. Sisi waanikaji tumeyazoea mapumziko hayo ya kila mwezi na tunajua kuyawekea akiba. Miezi mitatu mfululizo, hadi tarehe 15 Agosti, hatukuwahi kuiwekea. Sababu yake niliielewa: nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wazaliane, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshuhudia ndoo zikipungua mwaka hadi mwaka. Sikuwa na ugomvi na uamuzi huo. Nilikuwa tu na watoto watatu, mama asiyeweza kugeuka kitandani, na chanja tupu za kuanikia dagaa.

Mama alikuwa amelegea upande wote wa kuume, na maneno yalikuwa yamemtoka. Aliniangalia akijua kabisa kwamba mimi ni mwanawe, lakini jina langu halikuja. Akitaka maji alitoa sauti ileile aliyoitoa akitaka kufunikwa. Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani niliagizwa nimgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya mgongo. Nilimgeuza, nikaweka kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti yake, nikampaka mafuta mahali palipoanza kuwa pekundu, kisha nikajilaza sakafuni nikisubiri zamu nyingine.

Nilikulia Kasulu, katika nyumba ya Kianglikana ambamo hakuna aliyetoka kwenda shambani kabla ya sala. Mama ndiye aliyetuamsha. Ilisomwa zaburi moja, tukasema Baba Yetu, tukanyamaza kidogo, basi. Nilipohamia Kigoma niliendelea hivyo hivyo, nikiamka adhana ya alfajiri inaposikika kutoka msikitini, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilisali kama mtu anavyofagia uwanja: kwa mazoea, mara nyingine nikisinzia nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa nikijilaumu kwa ukavu huo, nikidhani kwamba sala isiyo na machozi wala furaha haifiki popote.

Wiki za kwanza za ugonjwa sala yangu iligeuka kuwa mapatano. Nilimwahidi Mungu mambo mengi iwapo angemwinua mama kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha. Wakati huohuo mhubiri mmoja mgeni aliletwa nyumbani na mtu aliyetutakia mema, akaniambia kwamba ugonjwa huo ni kifungo, na kwamba nikipanda mbegu ya shilingi laki mbili mama angesimama. Sikuwa na laki mbili, na hata ningekuwa nazo naamini nisingezitoa, kwa kuwa Injili niliyofundishwa haijawahi kumpangia bei mgonjwa. Maneno yake yaliniumiza hata hivyo, nami nilikaa siku kadhaa nikijiuliza kama umaskini wangu ndio unaomlaza mama. Wanaowaendea wagonjwa kwa lugha hiyo hawajui mzigo wanaouacha nyuma yao.

Kilichonishika wakati ule ni Zaburi ya 88, niliyoikuta kwa zamu yake tu, kwa kuwa nasoma zaburi kwa kufuata namba. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, na bado imewekwa ndani ya Biblia ili isomwe mbele za Mungu. Nilielewa kwamba naruhusiwa kusema ukweli. Asubuhi ile sikuomba kitu. Nilieleza tu nilivyochoka, nikataja deni la dukani na kiasi cha unga kilichobaki. Jioni akina mama wa kanisani walikuja na kuni na debe la mahindi. Sisemi kwamba hilo lilikuwa jibu la sala ya asubuhi, kwa kuwa walikuwa wamepanga kuja tangu Jumapili, lakini nililipokea kama jibu.

Kisha likatokea jambo ninaloliandikia makala haya. Ilikuwa kama saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa sita. Nilikuwa nimemgeuza mama, nikabaki nimeushika mkono wake ulio hai huku nikisema Baba Yetu kwa sauti ya chini, zaidi ili nisilale. Nilipofika "Utupe leo" usingizi ukanichukua, nikanyamaza. Mama akaendelea: "riziki yetu". Maneno yalitoka yamekwaruza, lakini yalikuwa maneno kamili, na akaendelea nayo hadi "amina". Nilimwita, nikamwomba aseme jina langu. Hakuweza. Nikaanza tena sala, akaisema tena.

Muuguzi aliyekuja kumtazama hakushangaa. "Dada," aliniambia, "yale mtu aliyoyarudia tangu utotoni, kama sala na nyimbo, mara nyingine hubaki hata mazungumzo ya kawaida yakipotea." Nilimshukuru kwa maelezo hayo, nayo hayakunipunguzia chochote. Alfajiri zile zote za Kasulu, ambazo baadhi yake bila shaka mama naye alizisali akiwa amechoka na mawazo yake yako shambani, zilikuwa zimeshuka mahali ambapo ugonjwa haukufika. Ndipo nilipomwelewa Danieli wa kwenye Biblia, ambaye aliposikia kwamba kusali kumepigwa marufuku alipiga magoti mara tatu kwa siku "kama alivyokuwa akifanya tokea hapo". Hakuanza siku ya hatari. Nilikoma kujilaumu kwa sala zangu kavu.

Tangu siku hiyo kila zamu ya kumgeuza ilikuwa zamu ya sala, mimi nikianza na yeye akimalizia. Jirani yetu Mkatoliki, akija kunipokea mchana, alisema "mkate wetu wa kila siku" kama wanavyosali wao, na mama alimtazama kwa mshangao kila mara, kisha akasema "riziki" kwa nguvu. Kwa mtu anayeishi kwa dagaa neno riziki lina uzito wake, lakini nililoling'ang'ania mimi ni "leo". Nilipohesabu siku zilizobaki hadi Agosti nilikosa pumzi. Nilipoomba nguvu za kuifikia jioni, nilizipata, na kesho yake nililazimika kuziomba upya. Niliuza vitumbua, nikafua nguo za watu, nikauza moja ya chanja zangu.

Ziwa lilipofunguliwa nilimkalisha mama mlangoni, kwenye kiti chenye mito, ili azione taa zikitawanyika majini. Alfajiri nilishuka mwaloni nikapata ndoo moja tu, kwa kuwa bei ilikuwa juu na wanunuzi walikuwa wengi. Niliianika, nikapanda mbio kurudi kwa zamu ya saa tatu bila hata kunawa. Nilipouweka mkono chini ya bega lake aligeuza uso, akanusa magamba yaliyokauka kwenye vidole vyangu, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akanisubiri nianze.