Ninafundisha kazi ya baharini mahali pasipo na bahari

Saa 12 asubuhi. Ninachaji simu na kompyuta mapema kabla umeme wa Katuba haujakatika. Mimi ni mkufunzi wa mafundi umeme hapa Lubumbashi, na mwaka huu nimeongeza somo linalowachekesha majirani: usalama wa kazi katika mitambo ya upepo ya baharini.

Saa 2. Vijana ni 14, mikanda ya usalama ni 4. Ninaanza na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, ambalo kila mtoto wa mji huu analijua, kisha ninawaambia kwamba huko Hornsea 2, shamba la mitambo ya upepo nje ya pwani ya Uingereza, ncha ya bawa la mtambo hufika mita 200 hivi juu ya maji, yaani bomba letu limeachwa chini. Waajiri wa huko humtaka fundi awe na mafunzo ya msingi yanayofuata viwango vya GWO, shirika la kimataifa la sekta ya upepo: huduma ya kwanza, kubeba mizigo, kuzima moto, kazi za urefuni na kuokoka baharini. Manne ya kwanza hayahitaji bahari hata kidogo.

Saa 4 tuko kwenye nguzo, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Mkanda wa paja unapokazwa, kiganja kilichonyooka kipite lakini ngumi isipite; ukilegea, anayeanguka huumizwa na mkanda wenyewe. Tunamtumia gunia la mchanga kama majeruhi, na vijana hushindana kulishusha, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogea damu humkusanyikia miguuni na hawezi kusubiri.

Saa 7, bukari na matembele. Mzazi mmoja ananiletea karatasi ambayo mwanawe aliuziwa kama cheti cha baharini. "Mwalimu, hii itamfikisha Ulaya?" Ninamweleza kwamba cheti halali huonekana katika daftari la mtandaoni la GWO liitwalo WINDA, na kwamba mafunzo mengi kati ya hayo hurudiwa kila baada ya miaka 2. Jina la mwanawe halimo. Mimi pia sitoi cheti hicho, na huwaambia wanafunzi hivyo siku ya kwanza, ingawa wawili waliondoka kwa sababu hiyo.

Saa 9 tunajifunza kukata umeme, kufunga swichi kwa kufuli na kupima kabla ya kugusa, ujuzi ambao migodi ya hapa huuhitaji leo hii. Mitambo ya baharini hutumia takriban tani 8 za shaba kwa kila megawati. Shaba yetu husafiri bila kuombwa viza, ananikumbusha kijana mmoja, na darasa zima linacheka.

Saa 11 jioni ninakagua mishono ya mikanda chini ya dirisha. Mmoja umechanika uzi karibu na pete ya mgongoni, upana wa ukucha tu. Ninachukua mkasi na kuukata vipande viwili, ili kesho asiwepo wa kuuvaa, kisha ninaandika ubaoni: mikanda 3.