Nilifuata mechi Dodoma, nikarudi nanuka moshi wa mbuzi

Sisi watu wa Dar tuna tabia moja, timu yetu Yanga, Wananchi wenyewe, ikienda kucheza Dodoma tunapanda basi usiku, tunafika jua limeshawaka, tunaingia uwanjani na njaa zetu, mpira ukiisha tunakimbilia stendi, halafu Jumatatu kazini unamsikia mtu anasema "mimi nilikuwa Dodoma". Hukuwa Dodoma wewe, ulikuwa uwanja wa Jamhuri. Nimefanya ujinga huo mara tatu, mara ya nne binamu yangu anayeishi Ipagala akanikatalia, akasema mechi ni Jumapili ila njoo Jumamosi asubuhi, na ukija tumbo liwe tupu.

Basi nikachukua treni ya kwanza ya asubuhi. Toka SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 sina hamu tena na basi kwa njia ile, yani masaa matatu na nusu hivi uko Dodoma wakati basi muda huo linahangaika na foleni za Morogoro. Ila tiketi kata mapema, wiki ya mechi kubwa ukizubaa unakuta behewa zimejaa jezi tupu, njano na kijani. Na kingine, angalia kama Bunge linakaa. Kuanzia Aprili mpaka Juni ni bunge la bajeti na mji unajaa wageni wenye posho, gesti ya kawaida tu inapandishwa bei au unaambiwa imejaa. Mimi nilienda Machi nikapata chumba safi tu Area C bila kubembeleza mtu.

Sasa kwa nini Jumamosi? Kwa sababu Jumamosi ndo mnada wa Msalato. Unatoka mjini unafuata njia ya Arusha, ni huko huko wanakojenga uwanja mpya wa ndege, daladala zipo ila sisi tulichukua bajaji. Aisee. Ng'ombe, mbuzi, mitumba, sufuria, dawa za kienyeji, mtu na spika anatangaza viatu, na katikati ya yote hayo moshi. Hauletewi menyu pale. Unaenda mwenyewe kwenye nyama inayoning'inia, unaonyesha kwa kidole, nipimie hapo mbavuni, unaandamana nayo mpaka jikoni usije ukabadilishiwa (binamu alinisisitizia hili mpaka nikaona aibu mbele ya muuzaji), halafu unakaa kwenye benchi unasubiri. Na utasubiri kweli, saa zima au zaidi, mbuzi hakimbizwi. Ikija inakatwa mbele yako juu ya ubao, chumvi pembeni, pilipili, ndimu, ndizi za kuchoma, basi, hamna mbwembwe nyingine. Nimekula nyama choma Dar kwenye baa zenye taa za rangi na viti vya sofa na sijawahi kupata ladha ile, nafikiri ni vile mbuzi wa huku wanakula miti mikavu na kutembea sana, au labda ni njaa yangu tu. Kilo moja na nusu watu wawili tulimaliza na tukabaki tunaangaliana.

Usiku tukaenda Chako ni Chako kula kuku. Kila mtu atakwambia uende na mimi nakwambia nenda, ila jiandae, ukishuka tu unazungukwa na vijana sita kila mmoja anakuvutia kwake. Chagua mmoja haraka ukae. Kuku ni mtamu, hilo sibishi, lakini baada ya Msalato mimi niliona kawaida. Huku inafaa zaidi uje baada ya mechi mkiwa kundi, mnagawana kuku mzima na mnabishana kuhusu refa.

Jumapili asubuhi binamu akaniamsha gizani twende kupanda Lion Rock pale Mlimwa. Unalipa kiingilio kidogo, unapanda taratibu, si mlima wa kutisha ila vaa raba, kandambili zitakuumbua. Juu kule unaona mji wote ulivyotawanyika, na upepo ule wa Dodoma unakupiga usoni kama una deni nao. Akanipiga picha nimesimama juu ya jiwe nimevaa jezi yangu ya Yanga. Sikufikiria kitu.

Mchana kabla ya uwanjani kula chakula kinachokaa tumboni. Sisi tulienda kwa mama ntilie karibu na soko la Majengo, ugali wa mtama na mlenda wa karanga. Najua mlenda kuna watu wanaukimbia, mimi mwenyewe niliuchukia toka utoto, nilimwambia "mama mimi nipe maharage tu" akacheka akaniwekea vyote viwili. Mlenda niliumaliza, maharage nikayaacha.

Jamhuri yenyewe iko mjini, siyo kama uwanja wa Mkapa kule Dar unapambana na foleni ya magari. Kama una hela kaa jukwaa kuu kwenye kivuli. Mzunguko ni jua la saa kumi na vumbi, beba kofia na maji unywe kabla hujaingia. Wenyeji wao Dodoma Jiji wanaitwa Walima Zabibu na ni jina la haki kabisa maana mwezi ule zabibu zilikuwa kila kona, nje ya uwanja mama mmoja anauza nyeusi, tamu, nikanunua mfuko mkubwa nimpelekee mke wangu. Hapo ndo nilikosea. Goli lilipoingia (sisemi la nani) watu wote wakaruka, mimi mfuko nilikuwa nimeuweka chini miguuni. Nilitoka uwanjani na raba zimelowa, mvinyo unatengenezwa kwenye soksi zangu. Zabibu nunua siku ya kuondoka jamani, asubuhi, na ubebe mkononi.

Matokeo sitaki kuyaongelea.

Nikalala tena, Jumatatu asubuhi nikapanda treni na mfuko mwingine wa zabibu mapajani kama mtoto mchanga. Tumefika Morogoro nikafungua simu, kundi la familia lina meseji zaidi ya arobaini. Binamu, ambaye nilisahau kuwaambia kwamba ni Simba damu, watani wetu wale wanaojiita Mnyama, amerusha ile picha ya Mlimwa na ameandika chini yake: "Mwananchi akiwa chini ya ulinzi, kwenye jiwe la Mnyama".

Mke wangu ndo wa kwanza kuweka kicheko.