Februari, Kitulo

Nimezaliwa Matamba, wilayani Makete, na kila Februari nikipata nauli narudi nyumbani kupanda Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania. Huko juu, zaidi ya mita 2,600, baridi inauma hata mchana, nyasi zimelowa, na maua yametanda mpaka macho yanakoma. Wazee wetu wanapaita Bustani ya Mungu. Serikali ilipafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza nchini kutengwa hasa kwa ajili ya maua.

Ninayoyapenda zaidi ni ya okidi. Kuna aina zipatazo 45, zinazoota ardhini, si juu ya miti. Nyingine ndogo mno. Lazima upige magoti kwenye tope ndipo uzione.

Mwaka huu nilipiga magoti nikakuta mashimo. Viazi vya okidi huchimbwa, vikavushwa mpaka Zambia, vikatwangwa pamoja na karanga kupikwa chikanda. Nakielewa chakula hicho, ni cha watu na mila zao. Lakini kiazi ndicho uhai wa mmea: ukiking'oa, umeua. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, haziwezi kuota bila kuvu fulani wa udongoni. Ua moja huchukua miaka mpaka lichanue.

Nilihesabu mashimo 17 mahali pamoja, karibu na kijito ambako mama alikuwa akinionyesha maua ya rangi ya waridi. Nilirudishia udongo kwa mikono.