Kipa Aliyekataa Kuuachia Mpira

Jumapili, saa nne usiku.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu kipa wetu akatae kuuachia mpira. Ninasema "wetu" kwa sababu timu hiyo ya kwenye simu ninaimiliki pamoja na mpwa wangu wa miaka kumi na minne, ambaye huja kwangu hapa Chumbageni kila mwisho wa juma, na tumeijenga kwa miaka miwili, mchezaji mmoja baada ya mwingine, bila kununua hata mmoja kwa fedha. Jina la gemu lenyewe sitalitaja. Anayecheza mpira wa kwenye simu huenda akalikisia, na asiyecheza halitamfaa kitu.

Toleo jipya lilikuja Jumatano ya juma lililotangulia hili. Lilikuwa zito, GB 1.6, nikalisubirishia bando la usiku ili lisinimalizie la mchana. Asubuhi nilipofungua nikakuta nyasi za uwanja zimekolea rangi na ukurasa wa mbele umejaa jezi mpya za kuuzwa. Katika mechi ya kwanza, tukiwa tumelingana 1 kwa 1 dakika ya 63, kipa akadaka krosi nyepesi, akaukumbatia mpira kifuani, akabaki hivyo. Nilibonyeza kila kitufe kilichokuwa kwenye kioo na hakuna kilichoitika. Alikuwa akijizungusha taratibu ndani ya boksi lake kama mgeni anayetafuta nyumba aliyoelekezwa vibaya, huku wachezaji wengine wote, wetu na wao, wamesimama wakimwangalia. Saa ya mchezo ikafika dakika ya 90, ikapita, ikafika ya 104, na refa hapulizi. Kusimamisha mechi hakukuwezekana kwa kuwa mpinzani alikuwa mtu halisi aliyeketi mahali fulani duniani na simu yake mkononi, na kutoka kulimaanisha kuhesabiwa kipigo cha 3 kwa 0. Ikawa, basi, si mpira tena bali shindano la subira kati yangu na mtu nisiyemjua. Dakika ya 131 nikatoka mimi, kwa sababu nilikuwa nachelewa kazini.

Mwisho wa juma mpwa wangu alipokuja, alimtazama kipa kwa dakika nzima kisha akampa jina: Mzee wa Kukumbatia. "Mjomba, leo tumweke benchi Mzee wa Kukumbatia," akasema, nasi tukamwingiza kipa wa akiba. Naye alikuwa na maradhi yaleyale.

Nilifanya lile ambalo mteja mstaarabu hulifanya. Nikaandika malalamiko kwa utulivu, nikaeleza aina ya simu yangu, nikataja krosi, dakika, na refa asiyepuliza, nikaambatisha na picha mbili za kioo. Jibu lilirudi kabla dakika haijaisha, jambo ambalo lilitosha kunijulisha kwamba hakuna macho ya binadamu yaliyopita juu ya barua yangu. Nilishukuriwa kwa kuwa mchezaji mwaminifu, nikaombwa nifute mafaili ya muda, niliondoe gemu na kulipakua upya. Nikafanya hivyo, bando jingine likaenda, na Mzee akaendelea kukumbatia. Nikaandika tena. Jibu la pili lilikuwa la kwanza, neno kwa neno, hata shukrani kwa uaminifu wangu ilikuwa imekaa palepale.

Siku ya sita ndipo watengenezaji walipotoa tangazo ndani ya gemu. Lilisema kwamba baadhi ya wachezaji wanapata hali isiyo ya kawaida katika mechi, na kwamba suala hilo linashughulikiwa. Neno kipa halikuwamo. Neno mpira halikuwamo. Siku hiyohiyo duka la gemu lilitangaza glavu za kipa kwa bei ya punguzo, na nakiri kwamba hapo nilicheka peke yangu sebuleni.

Jana likaja toleo dogo, na maelezo yake yote yalikuwa mstari mmoja: marekebisho ya hitilafu ndogo na maboresho ya utendaji. Leo tumecheza mechi nne. Kipa anadaka, anatulia kidogo, anarusha. Huenda amepona. Lakini kwa kuwa hakuna aliyetamka kwamba alikuwa mgonjwa, hakuna pia wa kututhibitishia kwamba ametibiwa, na kila krosi inapoingia ndani ya boksi roho zetu huwa juu mpaka mpira umtoke mkononi. Alama tulizopoteza hazijarudi, wala hakuna aliyesema kama zitarudi au hazitarudi.

Nimekaa nikijiuliza ni nini hasa kilichonikera, na sidhani kama ni kosa lenyewe. Kazi yangu ni kutunza mfumo wa kompyuta, najua makosa yanavyozaliwa. Yamkini mtu mmoja aliguswa na lalamiko kwamba makipa wanaachia krosi ovyo, akabadilisha mistari michache ya msimbo, yaani maagizo yanayoliendesha gemu, ili mikono yao iwe imara zaidi, na mistari hiyo, bila yeye kujua, ikagusa mahali panapoamua ni lini mpira unahesabika kuwa uko mchezoni. Akajaribu kwenye simu zilizokuwa mezani kwake na kila kitu kikaenda sawa, kwa sababu mezani hakuna mtandao wa kusuasua wala mpinzani aliye bara jingine. Maduka ya programu yenyewe yanaujua udhaifu huu: Google humruhusu mtengenezaji kulitoa toleo kwa asilimia chache ya watumiaji kwanza, na Apple inayo njia ya kulisambaza kwa siku saba, likianza na asilimia 1 tu ya wanaopokea masasisho yanayojiweka yenyewe, ili likiwa na sumu liwafikie wachache. Kwa hiyo kosa ninalisamehe. Linalonikaa kooni ni ule mstari mmoja.

Kwenye duka la Google, nafasi ya kueleza kilicho kipya katika toleo ni herufi 500 kwa kila lugha. Si nyingi, lakini jioni hii nilichukua kalamu nikaandika maelezo ambayo ningependa kuyapokea: "Katika toleo lililopita, kipa aliyedaka krosi kwenye mechi za mtandaoni hakuweza kuuachia mpira. Kosa lilikuwa letu, na limerekebishwa. Vipigo vilivyotokana na kosa hilo tangu Jumatano vimefutwa. Ukiliona tena, tuambie aina ya simu yako." Nilihesabu. Hazifiki hata 300.

Wapo waliowahi kuandika hivyo, tena kwa kosa la aibu kubwa kuliko langu. Desemba 2007, kampuni ya CCP ya Iceland ilitoa upanuzi wa gemu lake la anga za mbali, EVE Online, uitwao Trinity. Gemu hilo lilikuwa na faili lake dogo la kuanzia lililoitwa boot.ini, jina ambalo pia ni la faili ambalo Windows XP, mfumo wa kompyuta nyingi za wakati ule, ililitegemea ili kompyuta iwake. Kisakinishi, yaani programu ya kuliweka toleo kwenye kompyuta, kilipaswa kulishughulikia faili la gemu ndani ya folda yake. Badala yake kwa baadhi ya watu kilikwenda kwenye mzizi wa diski, nje ya folda zote, kikafuta lile la Windows. Mchezaji alizima kompyuta yake usiku akiwa na furaha ya upanuzi mpya, asubuhi ikakataa kuwaka. Sijui kosa la gemu linaloweza kumkasirisha mtu kupita hilo, maana hapo hupotezi alama, unapoteza na chombo cha kuandikia malalamiko. Lakini CCP walitoa maelezo ya hadharani, marefu, wakieleza faili lile lilivyopata jina hilo, lilivyofutwa na namna ya kulirudisha, na gemu likaja kutumia faili liitwalo start.ini. Kila ninapolisoma tukio hilo namwonea huruma aliyepewa kazi ya kuyaandika maelezo yale, kisha namwonea wivu.

Mfano wa pili umechanganyika zaidi. Gemu la Cyberpunk 2077 la studio ya CD Projekt Red ya Warsaw lilitoka tarehe 10 Desemba 2020 likiwa bovu kiasi kwamba siku chache baadaye Sony ililiondoa kwenye duka la mashine zake za PlayStation, na halikurudi hadi Juni 2021. Mimi sikulicheza wakati ule, sina mashine ya kulibeba. Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Marcin Iwiński, alitokea kwenye video akaomba radhi, na kati ya aliyoyasema ni kwamba majaribio yao hayakuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ambayo wachezaji waliyakuta. Hapo sikumwamini: kosa linaloonekana na kila mwenye mashine ya zamani ndani ya saa ya kwanza haliwezi kuwa lilijificha. Lakini juma lililofuata lilitokea jambo dogo ambalo ninalipenda zaidi ya ile video. Toleo la 1.1, lililoletwa kutibu, lilileta ugonjwa mpya: mhusika aitwaye Takemura alikuwa akipiga simu, anaonekana, hasemi neno, na mchezaji hawezi kuikata wala kuendelea na kisa. Kabla ya tiba kuwa tayari, studio ilitoa njia ya muda: rudi mahali pa nyuma ulipouhifadhi mchezo, maliza mazungumzo na Takemura, kisha sogeza saa ya ndani ya mchezo mbele kwa saa 23. Ndani ya siku chache toleo la 1.11 likatoka na kulitaja kosa hilo kwa jina la mhusika na la mahali linapotokea. Bila video wala muziki wa huzuni, mchezaji aliambiwa shida iko wapi, apite wapi kwa sasa, na baadaye akaambiwa imekwisha. Saa 23! Mtu aliyeandika hivyo alikuwa amekaa akalijaribu mwenyewe.

Sitaki kujifanya kwamba kusema sana ndiyo dawa pekee. Hello Games, studio ndogo ya Guildford nchini Uingereza, walitoa gemu la No Man's Sky Agosti 2016 baada ya mkuu wao Sean Murray kulisifia kwa miaka, na wachezaji walipogundua mengi waliyoyatarajia hayamo, studio ikanyamaza kwa miezi. Hasira ilikuwa kali. Kisha Novemba wakatoa sasisho kubwa la bure, wakafuatisha jingine na jingine, na kufikia lile la Julai 2018 liitwalo NEXT watu walikuwa wamewarudia. Mpwa wangu hulitumia tukio hili kunipinga, husema, "Mjomba, wao walinyamaza na bado wakafanya." Ni kweli. Ila walipovunja ukimya, waliorodhesha kimoja kimoja walichokirekebisha, ukurasa hadi ukurasa, na hapo ndipo hoja yake hupungua nguvu, ingawa hajakubali bado.

Ningekuwa na haki zaidi ya kununa kama nami nisingekuwa na kosa kama hilo. Ninatunza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, na mwaka jana, usiku wa Jumapili moja, niliweka toleo jipya ambalo lilikuwa na kosa langu mwenyewe: risiti ilikuwa ikichapisha salio la kabla ya muamala badala ya la baada yake. Daftarini fedha zilikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho, lakini aliyeweka 20,000 alikabidhiwa karatasi inayosema hakuweka kitu. Niligundua Jumatano asubuhi, nikarekebisha kwa dakika kumi, na kwa makarani wa dirishani nikatuma ujumbe ambao bado ninao kwenye simu: "Mfumo umeboreshwa. Tafadhali endeleeni kama kawaida."

Ijumaa alikuja mama mmoja mchuuzi wa dagaa, mwanachama wa siku nyingi, akaomba kuonana na "yule kijana wa kompyuta". Alikuwa na risiti mbili zilizokunjwa ndani ya ncha ya khanga, moja ya Jumanne na moja ya siku hiyo. Alizifungua, akazinyoosha mezani kwangu kwa kiganja, bado zina harufu ya sokoni, akaweka kidole juu ya salio la kwanza na kingine juu ya la pili. "Mwanangu," akasema, "kati ya karatasi hizi mbili, ya kweli ni ipi?"

Nilimweleza, akaelewa upesi kuliko nilivyostahili. Kisha akauliza kama wenzake wa sokoni nao wanajua, kwa kuwa tangu Jumanne wapo waliokuwa wakisema pesa zinayeyuka. Hawakujua. Hata karani aliyempa ile risiti ya Jumanne hakujua, maana mimi nilikuwa nimemwambia kwamba mfumo umeboreshwa.

Jumamosi ijayo ninaweka toleo jingine, na safari hii linarekebisha kosa la tarehe katika ratiba za marejesho, kosa ambalo limekuwepo tangu mwezi uliopita na ambalo wanachama wachache walishaliona. Tangazo la kubandika mlangoni nimeliandika jioni hii, mara tu baada ya mpwa wangu kupanda bajaji kurudi kwao. Lina sentensi nne, na ya pili inasema ni ratiba zipi zilizokosewa, kuanzia siku gani, na kwamba mwenye nayo aje kubadilishiwa. Nikamtumia mhasibu alipitie. Amejibu saa tatu na nusu: liko vizuri, ila sentensi ya pili niitoe, itawatia watu hofu bure, badala yake niandike kwamba tumefanya maboresho madogo.

Mpaka ninaandika haya sijamjibu.