Nilivyojifunza Kuonja Tamthilia za Dakika Kumi

Sisi tuliosomea Kenya tulifundishwa tamthilia kwa dondoo. Unapewa sentensi moja, unaambiwa uiweke katika muktadha wake: nani alisema, akimwambia nani, wakiwa wapi, kwa sababu gani. Alama nne. Ukimaliza hapo unaingia kwenye maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha na ufaafu wa anwani. Sina ugomvi na utaratibu huo. Kwa Kigogo ya Pauline Kea au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege unafaa kabisa, kwa sababu mle ndani kuna watu wenye majina, kazi, ndoa na makovu, na mwandishi ana muda wa kukutambulisha kwao mmoja mmoja.

Shida ilinianza niliponunua pale inama, kwa wale wauza vitabu wanaovipanga chini kandokando ya barabara katikati ya Nairobi, kitabu cha Mmarekani David Ives kiitwacho All in the Timing. Ni michezo mifupi mitupu. Mmoja wao, Sure Thing, ulioigizwa mara ya kwanza mwaka 1988, niliusoma ndani ya matatu nikaumaliza kabla hatujatoka kwenye foleni. Mwanamume na mwanamke wako mkahawani. Mwanamume anauliza kama kiti kile kina mtu. Mwanamke anasema kina mtu. Kengele inalia. Mwanamume anauliza upya, kana kwamba hakuna kilichotokea, na safari hii anajibiwa vingine. Kengele tena. Hivyo hivyo hadi mwisho: kila neno likienda mrama, kengele inalia na mambo yanarudi nyuma. Nilitafuta maudhui. Nikaandika "mapenzi" pembeni kwa penseli, nikakifunga kitabu.

Kilichokifungua tena ni Jumapili moja nyumbani kwa binamu yangu. Tulikuwa watu watano sita, chai imeshanywewa, na kila mtu ameinamia simu yake. Nikawaambia jamani, hebu tujaribu kitu. Binamu yangu akasoma maneno ya mwanamume, mkewe akasoma ya mwanamke, na mtoto wao wa darasa la nane akapewa gilasi na kijiko awe kengele. Mara ya kwanza mchezo ulilala chali. Mtoto alikuwa akichelewa: mtu amesema neno baya, kimya, halafu ndiyo "ting!" Hapo wote tumeshapumua na kichekesho kimekufa. Tukambadilisha, tukampa kijiko shemeji yangu, mtu wa kwaya anayejua kuingia kwa wakati, na mkewe binamu akaambiwa asisubiri mlio uishe. Mchezo ukawaka. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kwenye karatasi kengele ni neno moja ndani ya mabano, jicho linalipita mbio. Kumbe ndiyo yenye mchezo. Wale wawili wanaisindikiza tu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuisoma michezo hii peke yangu. Mwenye kutaka kuionja atafute angalau mtu mwingine mmoja, na wote wawili wasimame. Kusimama kuna maana yake. Mtu aliyekaa kwenye kochi husoma kwa sauti ya kusoma. Akisimama na kuambiwa mlango ule pale, anaanza kuwa mtu fulani.

Mlango ndio uliotufundisha Suzan-Lori Parks. Huyu ni mwandishi Mmarekani aliyekuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer ya tamthilia, mwaka 2002. Mwaka huohuo, tarehe 13 Novemba, alianza kuandika mchezo mmoja kila siku, akaendelea hivyo mwaka mzima, na kati ya 2006 na 2007 mamia ya vikundi kote Marekani viligawana michezo hiyo wiki kwa wiki. Mingine ni nusu ukurasa. Siidai yote kuwa mizuri. Mingine inaonekana imeandikwa na mtu aliyechoka, na nadhani hata yeye hakutaka kutuficha uchovu huo. Ila kuna mmoja ambapo baba anarudi kutoka vitani. Anaingia, anamsalimia mkewe. Mke anamwambia hakuwa akimtarajia. Kamwe. Basi baba anauliza: nitoke niingie tena? Mke anakubali. Anatoka, anaingia.

Uisome hiyo ukiwa umekaa, utasema sawa, nimeelewa, vita vinaharibu ndoa. Binamu yangu alitoka kweli mpaka kwenye korido, akafunga mlango. Akaingia. Mkewe akamtazama. Akatoka tena. Safari hii alikawia kidogo kule nje, na humu ndani tukawa tunamtazama mwanamke aliyekuwa peke yake, amekunja mikono, na hakuna neno lolote lililoandikwa la kusema wakati huo. Pale ndipo mchezo ulipo. Mwandishi ametuachia mwanamke chumbani kwa sekunde kadhaa bila maneno, na kwa sekunde hizo hana mtu wa kumpokea. Tamthilia ndefu yoyote ingetupa kumbukumbu zake, barua, mama mkwe, mpaka mwanamume mwingine. Hapa unajaza mwenyewe.

Kwa hiyo sasa kila tukisoma tuna mtu mmoja wa kusoma maelekezo ya jukwaani, hasomi kitu kingine, na anapokuta neno la kutua hasomi neno hilo bali anahesabu kimoyomoyo. Tumegombana sana juu ya hesabu hiyo. Shemeji anataka sekunde tano kila mahali. Mimi nasema mbili zinatosha, isipokuwa pale mtu anapotarajiwa kujibu na hajibu.

Caryl Churchill wa Uingereza ndiye aliyenivunjia kabisa tabia ya kuuliza sifa za mhusika. Love and Information, iliyoonyeshwa kwanza ukumbi wa Royal Court, London, mwaka 2012, ina vipande zaidi ya hamsini na watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa jina. Mistari imepangwa tu, mmoja chini ya mwingine. Nani anasema, ni mzee au kijana, wako jikoni au kituoni, hiyo ni kazi ya wanaoigiza. Kipande cha siri ndicho tulichokirudia kuliko vyote. Mtu ana siri. Mwenzake anambembeleza amwambie. Anakataa, anabembelezwa, anakataa, mwishowe anamnong'oneza sikioni. Sisi hatusikii. Halafu linabaki swali: sasa je? Tufanyeje sasa?

Nilikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari kwa ajili ya jirani yetu, fundi cherehani, yule aliyekuja kuuliza tunacheka nini na tangu hapo hajakosa. Mwanzo tulikifanya cha wapenzi wawili, kikawa kizuri na chepesi. Yeye akasema hapana, fanyeni mama na mwanawe. Akachukua nafasi ya mama mwenye siri, na mtoto wa darasa la nane akawa mwana. Maneno ni yaleyale, lakini kubembeleza kwa mtoto ni kitu kingine, na mama anapokataa unaona anamkinga. Alipoinama kumnong'oneza alichukua muda, na mkono wake ulikuwa begani kwa mtoto. Baadaye binamu yangu hakuweza kuvumilia.

"Mama, kwani ulimwambia nini pale?"

"Mwanangu, siri ni siri. Ukiniuliza tena Jumapili siji."

Mtoto naye amekataa kusema hadi leo.

Halafu kuna Harold Pinter, Mwingereza mwandishi wa tamthilia aliyefariki Desemba 2008, miaka mitatu baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mountain Language ya mwaka 1988 ni ya dakika kama ishirini, maonyesho manne tu. Alikwenda Uturuki mwaka 1985 pamoja na Arthur Miller, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, akarudi na habari za Wakurdi waliokatazwa lugha yao, ingawa mwenyewe alisisitiza kwamba mchezo hauwahusu wao peke yao. Wanawake wamesimama nje ya gereza wakisubiri kuwaona waume na wana. Mbwa amemng'ata bikizee mmoja mkononi. Ofisa anataka kujua mbwa huyo anaitwa nani, kwa kuwa kila mbwa ana jina lake, na bila jina malalamiko hayaendi popote. Kisha wanaambiwa lugha yao ya milimani imepigwa marufuku.

Sehemu ya ofisa tulimpa baba mkwe wa binamu yangu, mzee mstaafu aliyesoma shule ya msingi magharibi mwa Kenya miaka ya sitini. Alifika kwenye jina la mbwa akacheka, akaweka karatasi mezani. Akatusimulia diski, kile kibao chenye kamba walichovalishwa shingoni watoto walionaswa wakizungumza lugha ya nyumbani. Kilipita shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho jioni alikula viboko. "Sisi tulikiita mgeni," akasema. "Ilikuwa tukitoka shuleni mtu anauliza, leo mgeni kalala kwa nani?" Mkewe, aliyesoma shule nyingine kabisa, akadakia kwamba kwao kilikuwa mfupa. Tulitumia saa nzima kwenye hayo, na sioni kama tuliuacha mchezo.

Tuliporudi, mzee alimsoma ofisa bila kupandisha sauti hata kidogo, kama karani anayekueleza kwamba umekuja dirisha lisilo lako. Mimi ningemkaripisha. Alivyofanya yeye ilitisha zaidi. Na kwenye onyesho la mwisho, mfungwa anapomwambia mama yake kwamba sasa wameruhusiwa kusema lugha yao, na mama hajibu, anaambiwa tena na hajibu, nilishinda ule ugomvi wa hesabu: shemeji mwenyewe alisema sekunde tano ni chache.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia Ives, kwa sababu kicheko hakihitaji utangulizi, kisha Churchill, Pinter baadaye. Marekani mtindo wa dakika kumi ulipata umaarufu kupitia ukumbi wa Actors Theatre of Louisville, jimbo la Kentucky, na michezo ya aina hiyo imejaa. Mingi ni vichekesho vinavyomalizikia kwenye mshangao mmoja, ukishaujua huna sababu ya kurudi. Kipimo changu ni hicho: je, nataka kuusoma tena kesho nikiwa nimebadilishana nafasi na mwenzangu? Kuhusu ufupi wenyewe, Samuel Beckett, mwandishi wa Ireland, alifika mwisho wa barabara mwaka 1969 kwa Breath, ya nusu dakika hivi, ambayo ni takataka jukwaani, kilio, pumzi na kilio. Huo nauheshimu kwa mbali.

Kusoma sebuleni hakuna anayekudai. Ukiweka hadhira, hasa ya kulipa kiingilio, kibali kinatafutwa kwa wenye haki. Wapo walioiacha wazi: Churchill aliruhusu mchezo wake wa dakika kumi kuhusu Gaza, Seven Jewish Children wa mwaka 2009, uigizwe bure na yeyote, mradi watazamaji wachangishwe fedha za Medical Aid for Palestinians, shirika la misaada ya matibabu kwa Wapalestina. Ulizua mabishano makali Uingereza, wengine wakiuita wa chuki dhidi ya Wayahudi, wengine wakiutetea. Sisi tuliusoma kwa kupokezana mstari mmoja mmoja, maana nao hauna majina. Karibu kila mstari ni mtu mzima anayeamua mtoto aambiwe nini au afichwe nini. Mtoto haonekani. Mabishano yetu yalikuwa makali vilevile, na chai ilipoa.

Kilichonishangaza ni jinsi haya yote yalivyonirudisha kwa Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi zilitoka pamoja mwaka 1976, na nilikuwa nimezipita zamani nikizihesabu kama vijitabu vya kando ya tamthilia yake maarufu, Kinjeketile. Ni fupi, na zimejengwa kwa sauti ya msimulizi, kwa namna ya ngano. Nilipoisoma Ngao ya Jadi kwa sauti, na lile joka Sesota ndani yake, niligundua kwamba pumzi za msimulizi zimepangwa, na kwamba anayesikiliza ana kazi kama ile aliyotuachia Parks. Shemeji ndiye anayeisoma sasa. Bado anakwenda mbio mno.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, amepeleka kipande cha siri darasani, Kidato cha Pili. Kipindi ni dakika arobaini. Tamthilia ndefu ndani ya kipindi hicho ni kurasa chache na "tutaendelea kesho", lakini hicho alikifanya na makundi manne tofauti na muda ukabaki. Mtoto mmoja aliuliza kama kitakuja kwenye mtihani. Alipoambiwa hapana, wawili wa nyuma wakalala, waliobaki wakagombania zamu. Kisha akawapa kazi ya likizo: mchezo wa ukurasa mmoja, watu wawili, mlango mmoja, na jambo moja lisilosemwa. Ameniletea rundo nimsaidie kuzisoma. Karibu nusu yao wameua mtu kwenye mstari wa mwisho, na msichana mmoja ameandika kimya cha dakika tatu nzima, ambacho mzee amesema tukijaribu Jumapili hii, ila tumtafutie kiti.